Taa ya mashua huuawa na mkondo, si volti

Wavuvi wa hapa Lamu wananiletea taa za LED zilizoungua, na swali lao huwa moja: "Fundi, betri ya volti 12, taa ya volti 12, imeunguaje?"

Dhana: betri ya volti 12 hutoa volti 12.

Hilo ni jina lake tu. Betri ya asidi ikikaribia kuisha hushuka hadi kama volti 11, na sola ikiijaza hupanda kufikia 14.4. Sasa chukua LED tatu nyeupe zilizofuatana, kila moja volti 3.2. Jumla 9.6. Ukizitilia rezista (kipande kinachobana mkondo) ya omu 120, kwenye volti 12 hupita miliampea 20, hesabu nzuri kabisa. Kwenye 14.4, mkondo hukaribia miliampea 40, maradufu. Kwenye 11 hubaki kama 12 tu. Ndiyo maana taa iliyosahaulika ikiwaka mchana, sola inachaji, ndiyo inayokufa. Na alfajiri, mvuvi anapoihitaji kutegua wavu, imefifia.

Dhana: kudhibiti mkondo ni kazi ya chipu ghali.

Transista mbili ndogo za aina ya NPN, mfano BC547, na rezista mbili zatosha. Transista ina miguu mitatu: mkondo mdogo ukiingia besi, huruhusu mkubwa kupita kutoka kolekta hadi emita. Transista ya kwanza hubeba mkondo wa LED kwenye kolekta yake, na emita yake hushuka kwenye hasi kupitia rezista ya omu 33. Ya pili ndiyo mlinzi: besi yake kwenye emita ya kwanza, kolekta yake kwenye besi ya kwanza, emita yake kwenye hasi. Rezista ya kiloomu 10 kutoka chanya huamsha besi ya kwanza. Mkondo ukizidi, volti juu ya ile omu 33 hufika 0.65, mlinzi anaamka, anainyima besi ya kwanza chakula. Gawa 0.65 kwa 33: miliampea 20, betri iwe 11 au 14.4. Ukitaka mkondo mwingine, badilisha rezista hiyo moja. Mimi naipenda sana saketi hii; bei yake haifiki ya taa moja iliyoungua.

Dhana: LM317, chipu ya kudhibiti volti au mkondo, ni bora zaidi.

Ni chipu nzuri, lakini si kwa volti chache. Hutaka volti 1.25 juu ya rezista yake, na kama 2 zake yenyewe. Ongeza 9.6 za LED, unakaribia 13, na betri isiyochajiwa haina hizo. Transista mbili hazili hata volti 1.

Wengine huogopa joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka hupunguza ile volti 0.65 ya mlinzi kwa kama milivolti 2, basi joto la sanduku la saketi likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 55, mkondo hushuka kwa asilimia 9 hivi. Unashuka, haupandi. Kwa LED hiyo ni heri.

Dhana: saketi moja inalisha safu mbili za LED zilizo sambamba.

LED hazilingani, hata za pakiti moja; safu yenye volti ndogo hujivutia mkondo mwingi. Na baharini chumvi hula miguu ya LED. Safu moja ikikatika, mkondo wote unamiminikia iliyobaki, nayo inaungua kama ile ya rezista. Kila safu naipa transista zake mbili.