Anayefundisha kuandika hoja si wakili aliyeshindwa

Arusha ni mji wa mahakama. Ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, ya Afrika Mashariki pia, na ile ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Bado utasikia, hata humu, kwamba mhadhiri wa uandishi wa kisheria na uwakili ni mtu aliyeshindwa kortini, sasa anasahihisha nukta na mkato.

Sivyo. Chukua hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi yanayotolewa mahakamani chini ya kiapo. Inatakiwa ibebe mambo anayoyajua mwapaji (anayeapa), siyo hoja za sheria wala maombi. Msimamo huo ulitiliwa nguvu na uamuzi wa kesi ya Matovu, Uganda, 1966, na mawakili wa Tanzania wanaunukuu hadi leo. Uthibitisho wa hati hiyo, pale mwapaji anapothibitisha ukweli wa aliyoyaandika, ukikosewa, shauri lililofunguliwa nayo linaweza kutupwa kabla wakili hajagusa kiini chake. Mteja haelewi kwa nini. Kumzoesha kijana kutenganisha kilichotokea na anachokidhania kunahitaji mtu anayezijua korti, na wahadhiri wengine bado ni mawakili.

Tangu marekebisho ya sheria ya Tanzania ya 2021 yakifanye Kiswahili lugha ya mahakama, kazi imeongezeka: mwanafunzi anasoma maamuzi ya Kiingereza, anajenga hoja kwa Kiswahili.

Na ufasaha wa mdomo? Unasaidia, ila kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye kesi za mazoezi mhadhiri hukaa kama jaji na kumkatiza msemaji hodari kwa swali moja: hilo liko aya ya ngapi?