Soko la chipu za akili mnemba China: yasemwayo na yaliyopo

Kila Marekani inapotangaza kanuni mpya za chipu, mitandaoni huzuka kambi mbili. Moja inaapa kwamba China imekwisha, nyingine inaapa kwamba China imeshashinda. Zote zinaangalia nani anabuni na nani anazuia, na zinasahau swali la kiwandani: chipu ngapi zinatoka nzima kila mwezi?

“Vikwazo vya Marekani viliua soko”

Havikuliua. Tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani ilizuia chipu za A100 na H100 za Nvidia, kampuni ya Marekani inayoongoza kwa chipu za akili mnemba, kuuzwa China. Nvidia ikatoa A800, ambayo ni A100 iliyopunguzwa kasi ya kuwasiliana na chipu wenzake kutoka gigabaiti 600 kwa sekunde hadi 400, kisha H800 kwa mtindo huohuo. Oktoba 2023 hizo nazo zikapigwa marufuku, ikaja H20. Pamoja na purukushani zote hizo, hesabu za Nvidia zinaonyesha mapato ya dola bilioni 10.3 kutoka China na Hong Kong katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2024, na dola bilioni 17.1 mwaka uliofuata. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi mbili. Fungu la China katika mapato yote ya kampuni ndilo lililoshuka, kutoka asilimia 17 hadi 13, kwa sababu kwingineko mauzo yalipaa zaidi.

Pigo lenyewe lilikuja Aprili 2025, H20 ilipowekewa sharti la leseni na Nvidia ikalazimika kuandika hasara ya dola bilioni 4.5 kwa mzigo uliobaki mikononi. Julai Washington ikalegeza kamba. Wengi huishia hapo katika kusimulia, ilhali utamu ndio unaanza: tarehe 31 Julai mamlaka ya intaneti ya China iliiita Nvidia ijieleze kuhusu usalama wa H20. Safari hii mlango ulikuwa unafungwa na China yenyewe, kutoka ndani. Oktoba mwaka huohuo, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisema hadharani kwamba sehemu ya kampuni yake katika soko hilo imeporomoka kutoka asilimia 95 hadi sifuri.

“China maana yake Huawei, basi”

Huawei ndiyo kubwa, hakuna ubishi. Ila anayetaka kuelewa soko hili aitazame Cambricon, kampuni nyingine ya China inayobuni chipu. Ilianzishwa mwaka 2016 na ndugu wawili, Chen Tianshi na Chen Yunji, waliotoka katika taasisi ya kompyuta ya Chuo cha Sayansi cha China. Mwaka 2017 ubunifu wao ulikuwa ndani ya Kirin 970, chipu ya simu za Huawei. Baadaye Huawei ikaanza kujitengenezea, na Cambricon ikampoteza mteja wake mkubwa. Ikahangaika miaka mingi ikila hasara. Mwaka mzima wa 2024 iliingiza yuan bilioni 1.17 tu, bado kwa hasara. Nusu ya kwanza ya 2025, wakati H20 imekwama, mapato yakaruka hadi yuan bilioni 2.88, tena kwa faida. Kufa kufaana.

Wapo pia Baidu na chipu zake za Kunlun, Alibaba, na Moore Threads, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Zhang Jianzhong, aliyewahi kuongoza ofisi za Nvidia nchini China. Hisa za Moore Threads zilipoingia soko la Shanghai Desemba 2025 bei yake ilifika zaidi ya mara tano ya ile ya kuanzia, siku ya kwanza tu. Mimi singepima ukuaji kwa kipimo hicho. Bei ya hisa inaonyesha hamu ya wanunuzi wa hisa. Haisemi kiwanda kimetoa chipu ngapi.

“Wakishaweza kubuni, wamemaliza kazi”

Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Kubuni China inaweza, na iliweza kitambo: Huawei ilizindua Ascend 910 mwaka 2019, ikiwa chipu ya hali ya juu kwa wakati wake. Lakini ilifyatuliwa Taiwan, katika viwanda vya TSMC. Vikwazo vya Marekani vya 2020 vilipoikatia Huawei njia ya kwenda TSMC, ubunifu ulibaki palepale; aliyekosekana ni wa kuufyatua.

Kazi hiyo sasa inafanywa na SMIC, kampuni ya China, bila mashine za EUV. Mashine hizo huchora saketi kwenye silikoni kwa mwanga wa mawimbi mafupi mno, zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na hazijaruhusiwa kuuzwa China. SMIC hutumia mashine za kizazi cha nyuma, ikirudia kuchora tabaka lilelile mara kadhaa ili kufikia mistari myembamba. Kila marudio yanakula muda na kuongeza nafasi ya kasoro, hivyo bamba moja la silikoni linatoa chipu nzima chache na ghali.

Halafu kuna memori. Chipu ya akili mnemba inahitaji memori ya kasi inayoitwa HBM, iliyobandikwa jirani yake kabisa. Bila hiyo inakaa ikisubiri data. Soko la HBM limeshikwa na kampuni tatu, SK Hynix na Samsung za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, na Desemba 2024 Marekani ilizuia memori hiyo kuuzwa China. Kwa hiyo ukisikia mahitaji ya China yameongezeka maradufu, usidhani mauzo ya chipu za ndani yatafuata kwa kiwango hicho. Wateja wapo kwenye foleni tayari. Dari la soko ni uwezo wa kufyatua na memori iliyopo ghalani.

“Chipu dhaifu haiwezi kushindana”

Ikiwa peke yake, ni kweli. Huawei ikaziunganisha 384 za Ascend 910C, kila moja ikiwa na vipande viwili vya silikoni, kwa nyaya za mwanga, ikauita mfumo huo CloudMatrix 384. Kwa jumla ya hesabu unazofanya, unaupita mfumo wa Nvidia wenye chipu 72 za kizazi kinachoitwa Blackwell. Gharama yake ni umeme, karibu mara nne. Kwingineko hilo lingekuwa tatizo la kuua biashara. China, kwa mpango wa Februari 2022 wa kupeleka kazi za kompyuta magharibi, ilishaanza kuelekeza vituo vya data mikoa yenye umeme mwingi kama Guizhou, Gansu, Ningxia na Mongolia ya Ndani.

  

“Mteja atahama siku moja”

CUDA, programu ya Nvidia ya kuziendesha chipu zake, ipo tangu 2007. Wahandisi wa China wamesomea humo na zana zao zimeandikwa kwa ajili yake. Kuhamia CANN, programu ya Huawei ya kazi hiyohiyo, ni kuandika upya sehemu za kazi, kisha kuwinda makosa ambayo CUDA ilishayamaliza miaka mingi iliyopita. Agosti 2025 Huawei ilitangaza kuifungua CANN ili yeyote aweze kuirekebisha. Kuendesha modeli iliyokwisha kufunzwa ni rahisi kuhamisha. Kufunza mpya ndiko kunakotoa jasho, na huko ndiko hamu ya chipu za Nvidia ingali kali. Desemba 2025 Rais Trump alisema ataruhusu H200, chipu ya Nvidia yenye nguvu kuliko H20, iuzwe China, serikali yake ikichukua asilimia 25 ya mauzo. Aliyekwisha kulipia gharama ya kuhama, sidhani kama atakimbilia kurudi kwa muuzaji anayeweza kufungiwa tena mwakani.