Muuguzi aliyefunzwa anaruhusiwa kuweka kijiti

Kila baada ya muda hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe unaodai kwamba kijiti cha uzazi wa mpango, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, na kitanzi, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, huwekwa na daktari peke yake, na kwamba mwanamke aliyehudumiwa na muuguzi amefanyiwa majaribio. Madai hayo si sahihi.

Nchini Tanzania na Kenya, wauguzi na wakunga waliosajiliwa na kufunzwa uzazi wa mpango huweka na kutoa vijiti na vitanzi. Mwanafunzi huanza kwa mkono wa bandia, akijizoeza kupitisha kijiti chini kidogo ya ngozi bila kukizamisha kwenye msuli, kisha huhudumia wateja chini ya uangalizi wa mkufunzi mpaka athibitishwe kuwa amemudu. Hufundishwa pia ushauri nasaha, ambao kwa maoni yangu ndio nusu ya huduma yenyewe: kuuliza kuhusu shinikizo la damu, dawa anazotumia mteja na uwezekano wa ujauzito.

Huenda watu huchanganya njia hizi na kufunga kizazi, ambako ni upasuaji. Wengine, hedhi ikivurugika, humlaumu aliyeweka kijiti, ingawa mabadiliko hayo huletwa na homoni iliyomo kwenye kijiti, awe amekiweka daktari au muuguzi.

Ni kweli kwamba si kila muuguzi amepata mafunzo hayo. Kwa hiyo mwenye shaka ana haki ya kumwuliza mhudumu, au mganga mfawidhi wa kituo, kuhusu usajili na mafunzo yake. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.