Abadan 1909: mkataba wa pango wa Sheikh Khazal na karatasi ya pili

Sisi tunaothamini ardhi kwa ajili ya mabomba na visima huulizwa swali lilelile kila kijiji: eka moja mnalipa ngapi? Ni swali la haki, na asiyeuliza ndiye wa kumwonea huruma. Hata hivyo, nikirudi kwenye mikataba ya kwanza ya kampuni za mafuta, naona bei ilikuwa kipengele chepesi. Ubishi wenyewe ulikuwa nani atatambuliwa kuwa mwenye ardhi, na huyo mwenye ardhi atapewa nini nje ya mkataba. Mfano ninaourudia kila mara ni wa kisiwa cha Abadan, kwenye mto Shatt al-Arab, kusini-magharibi mwa Uajemi, Iran ya leo.

Tuanzie nyuma kidogo. Tarehe 28 Mei 1901 Shah (mfalme) Muzaffar al-Din wa Uajemi alimpa William Knox D'Arcy, tajiri wa Kiingereza, haki ya kutafuta mafuta karibu nchi nzima, ukiacha mikoa mitano ya kaskazini, kwa miaka 60. Serikali ya Shah ilipata pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani hiyohiyo, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. Kifungu cha ardhi kinastahili kusomwa polepole. Ardhi ya serikali isiyolimwa itatolewa bure. Inayolimwa itanunuliwa kwa bei ya haki ya mkoa husika. Ardhi na majengo ya watu binafsi yatapatikana kwa ridhaa ya wenyewe. Maeneo matakatifu yasiguswe.

Sasa, Shah yuko Tehran na mafuta yako kusini-magharibi, ambako amri yake ilifika ikiwa imechoka. Milimani walitawala wakuu wa Bakhtiari, watu wa kuhamahama na mifugo. Bondeni, pale mto Karun unapomwaga maji Shatt al-Arab, alitawala Sheikh Khazal wa Mohammerah, mkuu wa Waarabu wa Muhaisin, aliyeshika madaraka mwaka 1897 baada ya kaka yake Mizal kuuawa. Mwenye karatasi ya Shah mkononi bado alipaswa kubisha hodi kwa hawa.

Kwa Bakhtiari hodi ilibishwa kwanza. Novemba 1905 George Reynolds, mhandisi wa D'Arcy, akiwa na J. R. Preece, balozi mdogo wa Uingereza huko Isfahan, alifikia makubaliano na wakuu wao. Wangepata asilimia 3 ya hisa za kampuni zitakazochimba kwenye nchi yao, na pauni 2,000 kwa mwaka kwa kazi ya ulinzi. Ardhi ilifuata mtindo wa kifungu cha D'Arcy: ya kulima inunuliwe, isiyolimwa itolewe bure.

Hapo ndipo mthamini yeyote angeweka kalamu chini. Masjid-i-Sulaiman, mahali mafuta yalipopatikana, ni eneo la malisho ya majira ya baridi. Mfugaji hushukia hapo kila mwaka, mbuzi wanakula, maji yanajulikana yalipo, makaburi ya wazee yapo. Kwa lugha ya mkataba, hiyo yote ni ardhi isiyolimwa. Waliotia saini walikuwa wakuu, na hisa ziliandikwa kwa wakuu. Mchungaji hakuwa na jina popote. (Wasomaji wangu wa Tanzania wanajua nasemea nini: Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, ikifafanua ardhi ya jumla, inataja ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani anasema haitumiki, na amekuja kuangalia mwezi gani?)

Serikali ya Tehran ilikataa kuyatambua makubaliano hayo. Walinzi nao walikuja wachache na kwa kusuasua, hadi mwishoni mwa 1907 Uingereza ikaleta kikosi kidogo cha askari wa Kihindi chini ya luteni kijana, Arnold Wilson. Baadaye mazungumzo na Bakhtiari yakaangukia mikononi mwa daktari wa kampuni, Dk. Young. Simlaumu aliyemteua. Mtu aliyemtibu mtoto wako hupewa kikombe cha chai kabla ya mwanasheria.

Mafuta yalitoka tarehe 26 Mei 1908. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Aprili 1909, ikaundwa kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian ya kuendeleza haki za D'Arcy, na ikahitaji bomba la zaidi ya maili 130 kutoka milimani, kiwanda cha kusafisha mafuta, na gati ambapo meli za baharini zinaweza kufika. Abadan ilifaa: kisiwa kirefu cha tope, na kandokando ya maji mitende inayonyweshwa na mifereji wakati maji yanapojaa. Tende za mto huo watu wa pwani yetu wamezila vizazi na vizazi. Majahazi yalizileta Mombasa, Lamu na Unguja na kurudi na boriti.

Je, Abadan ilikuwa ya nani? Kampuni ingeweza kujaribu kudai kuwa sehemu kubwa ni ardhi ya serikali isiyolimwa, kwa hiyo ni bure. Haikujaribu. Firmani, yaani amri za maandishi, za Shah za mwaka 1903 zilikuwa zimemtambua Khazal kuwa mwenye ardhi zile, na hata pasipo firmani, waliokuwa na bunduki kandokando ya mto walikuwa watu wake. Akatambuliwa kuwa mwenye nyumba, kampuni ikawa mpangaji.

Angalieni aliyetumwa kuongea naye. Hakuwa mtu wa kampuni. Alikuwa Percy Cox, mwakilishi wa serikali ya Uingereza katika Ghuba, mwenye makao yake Bushire, na Wilson akimsaidia. Kampuni binafsi inatafuta kiwanja, na anayejadili pango ni ofisa ambaye nyuma yake zipo manowari. Khazal hakuwa mjinga, alielewa vizuri nani ameketi mbele yake, na akaomba kile ambacho kampuni haingeweza kumpa.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 16 Julai 1909. Eneo: takriban maili moja ya mraba. Kodi: pauni 650 kwa mwaka, na kodi ya miaka 10 ikatangulizwa kama kilemba. Juu yake akapata mkopo wa pauni 10,000. Maili ya mraba ni eka 640, kwa hiyo tunazungumzia kama pauni moja kwa eka kwa mwaka, kwa kiwanja ambacho baadaye kilibeba kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani vya kusafisha mafuta. Kwa ardhi ya tope haikuwa bei ya aibu. Ila kodi ilikuwa kitu kimoja na asilimia ya faida kitu kingine, na Khazal alipata kodi. Wakuu wa Bakhtiari, kwa upande huo, walijadili vizuri kuliko yeye.

Yeye macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya pili, barua ya dhamana kutoka kwa Waingereza. Tangu 1902 Waingereza walikuwa wamemwahidi kumkinga iwapo dola ya kigeni ingeshambulia Mohammerah kwa meli. Ahadi ile haikumtosha, kwa sababu aliyemtisha zaidi alikuwa Tehran. Alitaka dhamana dhidi ya serikali ya Uajemi yenyewe, na alitaka iwafikie wanawe. Kwa awamu, hadi barua za 1910 na 1914, aliipata: serikali ya Uajemi ikiingilia mamlaka yake, haki zake au mali yake, Uingereza itamsaidia kupata suluhisho la kuridhisha, yeye na uzao wake wa kiume.

Isomeni tena kwa jicho la mwanasheria. "Suluhisho la kuridhisha" linamridhisha nani? Nayo dhamana ilikuwa na masharti: aendelee kutimiza wajibu wake kwa serikali kuu, na aendelee kufuata ushauri wa Waingereza. Yaani adumishe heshima kwa yuleyule anayemhofu, na hakimu wa kuamua kama ameidumisha ni aliyeandika barua. Mkataba wa pango ulikuwa na mipaka na tarakimu. Barua, ambayo ndiyo aliyoithamini, haikuwa na kipimo hata kimoja.

Wiki ileile aliyosaini, Tehran ilikuwa inawaka. Majeshi ya wanamapinduzi yalikuwa yameingia mjini, Shah Mohammad Ali akaondolewa siku ileile ya Julai 16, na mmoja wa makamanda wa ushindi alikuwa Sardar Asad, mkuu wa Bakhtiari. Sioni ajabu Khazal kutaka maandishi haraka. Jirani yake wa milimani alikuwa amegeuka kuwa serikali.

Kiwanda kilianza kazi 1912. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni, na kwa muda ikaonekana kwamba dhamana ya Sheikh na mafuta ya Uingereza ni kitu kimoja. Kisha akatokea Reza Khan, ofisa wa jeshi aliyeshika madaraka Tehran. Aliitaka nchi yote chini ya jeshi moja na kodi moja, na London ikakadiria kuwa serikali kuu yenye nguvu italinda mafuta vizuri kuliko masheikh wawili watatu. Khazal aliinuka dhidi yake mwaka 1924, na kwa kuinuka akawa amevunja sharti la kwanza la barua. Aprili 1925 askari walimkamata ndani ya boti yake ya anasa. Akapelekwa Tehran, akawekwa kizuizini nyumbani, na hakurudi tena mtoni. Alifia huko mwaka 1936.

Bomba halikusimama. Nao wakuu wa Bakhtiari, waliokuwa na asilimia zao kwa maandishi, zamu yao ilifika katika miaka ya 1930: hisa zao zikaishia mikononi mwa serikali ya Tehran, ileile iliyokataa kuutambua mkataba wao tangu mwanzo.