Ziwa Victoria linahitaji taarifa za wazi sawa na linavyohitaji doria

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania, takriban asilimia 45 iko Uganda, na sehemu iliyobaki, asilimia 6 hivi, iko Kenya. Kwa sababu hiyo hakuna nchi hata moja kati ya hizo tatu inayoweza kulitunza ziwa peke yake, hata ikiwa na sheria nzuri, boti za doria za kutosha na watumishi waadilifu. Serikali zote tatu zimekwisha kulikubali jambo hili kwa maandishi. Tarehe 30 Juni 1994 zilitia saini mjini Kisumu mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao makuu Jinja. Mwezi Novemba 2003, zikiwa chini ya mwavuli wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikatia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ndiyo msingi wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Kisumu.

Mikataba hiyo ni ya lazima na imefanya kazi kubwa. Hata hivyo, katika kazi yetu ya kuelimisha umma kwenye mialo, yaani sehemu za kupokelea samaki, ya Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe mkoani Mwanza, tunakutana kila mara na swali ambalo mikataba peke yake haiwezi kulijibu. Wananchi wanauliza ni nani aliyepima, alipima nini, na kwa nini wao hawakuambiwa. Swali hilo ni halali kabisa. Ushirikiano wa nchi na nchi, imani ya wananchi kwa taasisi zao na uhuru wa vyombo vya habari vinategemeana katika ziwa hili kwa karibu sana, na historia yake ya karibuni inaonyesha hivyo.

Tuanze na kufungiwa kwa soko la samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja ilikuwa ikiuzwa kwa wingi Ulaya. Soko hilo lilitikisika mara tatu ndani ya muda mfupi: kwanza kwa hofu ya vimelea vya salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu kilichokuwa kimeenea Afrika Mashariki wakati huo, na hatimaye, mwaka 1999, kutokana na habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia viuatilifu vya mashambani kuua samaki. Uganda ilisimamisha yenyewe uuzaji wa samaki wake Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo kutoka nchi zote tatu. Viwanda vilipunguza kazi, bei mwaloni ikaporomoka, na mvuvi ambaye hajawahi kugusa sumu akaadhibiwa pamoja na yule aliyeimwaga majini.

Ni muhimu kuelewa tatizo lilikuwa wapi hasa. Haikuwa kwamba kila samaki alithibitika kuwa na sumu. Tatizo lilikuwa kwamba mamlaka za nchi zetu hazikuwa na uwezo wa kutosha wa kupima, kuweka kumbukumbu na kuonyesha matokeo kwa namna ambayo mtu wa nje angeweza kuyakagua na kuyakubali. Soko lilifunguliwa tena baada ya kazi ndefu ya kuimarisha ukaguzi, kuboresha mialo ya kupokelea samaki na kujenga uwezo wa maabara, kazi iliyofanywa na serikali na wenye viwanda kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Leo Maabara ya Taifa ya Uvuvi iliyopo Nyegezi, hapa jijini Mwanza, ni sehemu ya mfumo huo. Mnunuzi wa Ulaya hakuombwa aamini maneno matupu, alipewa vipimo.

Hapo ndipo ninapoona deni ambalo bado halijalipwa. Mfumo wa taarifa uliojengwa kwa ajili ya minofu inayosafirishwa nje unapaswa kumhudumia kwa kiwango kilekile mama anayenunua mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, kwa ajili ya wanawe, na mchuuzi anayepakia magunia ya dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuyapeleka Dodoma au Lubumbashi. Mlaji wa Mwanza anakula samaki wa ziwa hili mara nyingi zaidi kuliko mlaji wa Ulaya. Kama kuna mtu anayestahili kusoma matokeo ya vipimo vya maji na samaki kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni yeye. Kwa bahati mbaya, taarifa nyingi za kitaalamu kuhusu ziwa huandikwa kwa Kiingereza, huwasilishwa kwenye warsha za hotelini, na huishia kwenye makabati ya ofisi za miradi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na siku zetu. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, kwenye maeneo oevu kabla ya kuingia ziwani, yalibadilika rangi na harufu, na samaki wakaonekana wakielea wakiwa wamekufa. Mto huo unaanzia Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, na kwenye bonde lake upande wa Tanzania kuna mifugo mingi, mashamba na mgodi mkubwa wa dhahabu. Kamati iliyoundwa na Waziri mwenye dhamana ya mazingira ilichunguza na kueleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea vamizi, mambo ambayo yalipunguza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Kisayansi, maelezo ya aina hiyo yanawezekana: uozo mwingi unapoingia kwenye maji yaliyotuama, vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni, na samaki hukosa hewa. Lakini wananchi wengi hawakuyapokea, na mjadala mkali uliendelea kwenye magazeti, redioni na kwenye mitandao ya kijamii.

Baadhi ya watu walihitimisha kwamba wananchi hawaelewi sayansi. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Wakazi wa bonde lile walikuwa na kumbukumbu za miaka mingi za malalamiko kuhusu uchafuzi wa maji, na jibu la maneno, hata likiwa sahihi, halifuti kumbukumbu za namna hiyo. Kinachoweza kuzipunguza ni kuwekwa hadharani kwa mambo yanayokaguliwa: sampuli zilichukuliwa sehemu zipi na tarehe zipi, maabara gani zilizipima, metali nzito zilitafutwa au hazikutafutwa, na kiwango cha oksijeni kilikuwa kiasi gani kila sehemu. Mwandishi wa habari akiwa na jedwali la namna hiyo anaweza kulipeleka kwa mtaalamu mwingine asiyehusika na kumuuliza kama hitimisho linasimama. Matokeo yakisimama mbele ya swali hilo, serikali inakuwa imepata shahidi ambaye haikumwajiri. Na kwa kuwa mto huu ni wa nchi mbili, ambazo huadhimisha pamoja Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, vipimo vya pamoja vinavyotangazwa siku moja pande zote mbili za mpaka vingekuwa na nguvu kuliko tamko la nchi moja.

Uhuru wa vyombo vya habari, basi, una kazi ya vitendo katika maendeleo. Ndiyo maana nchi za dunia zilipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwezi Septemba 2015 ziliingiza ndani ya Lengo la 16 shabaha inayohusu upatikanaji wa taarifa kwa umma na ulinzi wa uhuru wa msingi. Msingi wake kwa Afrika ni wa zamani zaidi: waandishi wa Kiafrika waliokutana Windhoek walitoa Azimio lao tarehe 3 Mei 1991, na mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Kwetu Tanzania, Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na inataja waziwazi haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kufa kwa samaki mtoni ni tukio la namna hiyo.

Njia ya sheria haikuwa nyoofu, na ni vizuri kuisema ilivyo. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, ambayo baadhi ya vifungu vyake vilipingwa na wadau wa habari mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Mwezi Machi 2019 Mahakama hiyo ilitamka kwamba vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu nayo ilirekebishwa kwa namna iliyowatia watafiti hofu ya kushtakiwa kwa kutangaza takwimu zinazotofautiana na za serikali. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 vifungu hivyo vililegezwa. Kwa sisi tunaofanya utafiti wa ziwa, suala hilo liligusa kazi za kila siku. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya pamoja ya uvuvi, zikihesabu wavuvi, mitumbwi, injini na nyavu mwalo kwa mwalo. Takwimu za namna hiyo zina thamani pale tu zinapoweza kuulizwa, kulinganishwa na kukosolewa bila mtu kuogopa.

Uhuru huo unadai pia uangalifu kutoka kwa wanaoutumia. Uvumi kwamba samaki wa mahali fulani wamewekwa dawa unaweza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi moja na kumwacha mchuuzi na mzigo unaooza kufikia jioni. Redio yenye mwandishi anayejua kumpigia simu afisa uvuvi, kwenda mwenyewe mwaloni na kusubiri majibu kabla ya kutangaza ni kinga bora kuliko onyo lolote la mamlaka. Redio za jamii, kama ile ya Sengerema iliyokua kutoka kwenye kituo cha mawasiliano kilichosaidiwa na UNESCO, zina nafasi ya pekee kwa sababu mtangazaji na msikilizaji wanakutana sokoni, na aliyetangaza uongo ataulizwa uso kwa uso.

Imani hujengwa au kubomoka pia kwenye ngazi ya chini kabisa, na hapo hatuhitaji msaada wa nchi yoyote. Kwenye mwalo mmoja wa Ilemela niliona ubao mweusi umetundikwa nje ya ofisi ya BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia rasilimali za uvuvi mwaloni. Juu yake yaliandikwa kwa chaki makusanyo ya mwezi, kiasi kilichopelekwa halmashauri, lita za mafuta ya boti ya doria na tarehe ya mkutano ujao. Ilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa usiku wa giza, hawakuingia majini, na kundi lao lilikuwa limesimama mbele ya ubao likibishana na katibu kuhusu zile lita za mafuta. Katibu alitoa risiti moja baada ya nyingine. Mabishano yale yalikuwa makali, lakini yalihusu namba iliyoandikwa, ambayo kila mmoja aliiona. Kwenye mwalo usio na ubao, mabishano huhusu tabia ya mtu, na kamati inayoshukiwa wizi haiwezi kumzuia mvuvi mwenye kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, wala kumwambia asiuze sangara asiyefika sentimita 50.

Jambo hilohilo linahusu usalama wa watu majini. Kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na kupinduka kwa MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kuliacha vilio katika familia nyingi za kanda hii. Utabiri wa hali ya hewa kwa ajili ya ziwa umeboreshwa kupitia mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ufadhili wa Uingereza na kuzihusisha mamlaka za hali ya hewa za nchi za kanda. Mvuvi atasubiri nchi kavu kwa sababu ya tahadhari ya upepo ikiwa tu mtoa taarifa amezoea kumwambia ukweli.

Mwananchi wa Tanzania Bara anayetaka taarifa kuhusu ziwa ana njia ya kuidai. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu kuandika barua kwa taasisi ya umma, kwa mfano kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, akitaja taarifa anayoitaka, jina lake na anuani yake, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ni vyema aitaje taarifa kwa usahihi: matokeo ya vipimo vya maji ya mwalo fulani kwa mwaka fulani, au mapato na matumizi ya ushuru wa samaki kwa robo mwaka fulani. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akinyimwa bila kuridhika na sababu, anaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi husika, na asiporidhika bado, anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana. Kwa mambo ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni ajenda ambayo kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuiulizia.