Kipima upepo cha bei nafuu na programu za shabaha: tunayoambiwa na yalivyo

Siku ya kwanza kupiga shabaha ya mita 500 nilikuwa na simu mkono mmoja na daftari mkono wa pili, najiona mtaalamu. Programu ya simu, ile inayokokotoa uinue mtutu kiasi gani, iliniuliza kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza. Nikafungua utabiri wa hali ya hewa wa Nakuru, nikakuta 1018 (kwa kipimo cha hektopaskali), nikaiandika. Risasi tano zikakaa pamoja vizuri tu, karibu shibiri nzima juu ya kiini. Nililaumu darubini, kisha nikalaumu risasi. Wiki mbili baadaye mzee mmoja aliyenitangulia katika mchezo huu alichungulia daftari langu akauliza: "Kijana, hii 1018 uliitoa Mombasa?"

Kabla ya kuendelea: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki ni ya mwenye kibali. Ninayemwandikia ni mlenga shabaha aliye na karatasi zake, anayepiga ubao kwenye uwanja ulioidhinishwa. Mengine hayamo humu.

"Kanieneo ya kwenye utabiri ndiyo ya hapa nilipo"

Siyo. Nambari ya utabiri huwa imerekebishwa kana kwamba kila mji uko usawa wa bahari, ili Nakuru na Mombasa ziweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Nakuru yenyewe iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kanieneo halisi hapa ni kama hektopaskali 810 hadi 820. Kisumu, kwenye mita 1,130 na ushei, ni kama 885 hadi 890. Ukiiandikia programu 1018 na kuacha mwinuko wa mahali sifuri, itaamini unapigia ufukweni, kwenye hewa nzito kwa kiasi cha robo kuliko hii yetu. Itakuambia uinue mtutu zaidi, nawe utatii, na risasi itapita juu. Kwa risasi ya kawaida ya milimita 7.62, kosa hilo kwenye mita 500 ni kama sentimita 20. Hiyo ndiyo shibiri yangu.

Kuna wanaokosea upande wa pili. Wameshika kifaa kinachosoma 815 halisi, wanaiandika, halafu wanajaza na mwinuko wa mita 1,850. Programu ikidhani 815 ni nambari ya usawa wa bahari, itapunguza mara ya pili na kukupa hewa ya kilele cha mlima. Hapo risasi itakwenda chini. Kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio mahali programu inapouliza kama kanieneo ni halisi au ni iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari. Ukiwa na halisi, mwinuko huna haja nao. Ukiwa na ya utabiri, mwinuko ni lazima.

Kipimo changu cha haraka: ukiwa Nakuru, kanieneo halisi huanza na 8, haianzi na 10 hata siku moja. Na kama programu ni ya Kimarekani inayohesabu kwa inchi za zebaki, nambari yako ni kama 24, wala si 30.

"Basi lazima ninunue kifaa kinachopima kanieneo"

Hapa ndipo wauzaji na mimi tunapoachana. Ulaya au Marekani Kaskazini mawimbi ya hali ya hewa hupita na kanieneo ikapanda au kushuka sana kwa siku mbili tatu, kwa hiyo mlenga shabaha wa huko ana sababu ya kupima kila asubuhi. Sisi tuko ikweta. Hapa kanieneo hupumua kwa saa, kama mtu aliyelala: hupanda hadi mwendo wa saa nne asubuhi, hushuka hadi mwendo wa saa kumi alasiri, tofauti ikiwa hektopaskali tatu au nne tu. Kesho hivyo hivyo. Kwenye mita 500 tofauti hiyo haifikishi hata nusu sentimita.

Ipime mara moja, iandike daftarini, imekwisha. Huenda hata kifaa usihitaji: simu nyingi za bei ya juu zina kihisi cha kanieneo ndani yake, iPhone tangu mwaka 2014. Simu za bei rahisi mara nyingi hazina. Ila usiichukue halijoto ya simu kamwe; hiyo ni joto la betri na mfuko wako.

Ukihama uwanja ndipo ukumbuke. Ukishuka Kisumu na nambari za Nakuru, hewa ya huko ni nzito zaidi, na risasi itakaa chini kwa sentimita kadhaa.

"Kisumu hewa ni nzito kwa sababu ya unyevu wa ziwa"

Kisumu hewa ni nzito, ndiyo, lakini ni kwa sababu mji uko chini. Unyevu wenyewe huipunguzia hewa uzito, maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Anayetoka jasho pale Dunga, ufukweni Kisumu, hawezi kuniamini, namwelewa. Hata hivyo athari yake ni ndogo mno: kutoka hewa kavu kabisa hadi unyevu wa asilimia 100, kwenye nyuzi 20, uzito wa hewa hubadilika kama asilimia moja. Usilipie kihisi cha unyevu kwa ajili ya shabaha. Weka 50 kwenye programu uendelee na mambo yako.

Halijoto ina maana zaidi: nyuzi 10 ni kama sentimita tatu kwenye mita 500. Lakini wengi huiharibu wenyewe. Kifaa kimekaa juani kwenye meza, au kimetolewa mfukoni sasa hivi, kinasoma 34 na hewa ni 25. Kiweke kivulini, kipunge kidogo, usubiri nambari itulie.

"Kifaa ghali hukupa upepo wa kweli"

Kifaa chochote kinakupa upepo wa pale uliposimama, basi. Risasi inapita mita 500 za upepo mwingine. Kwa hewa ya Nakuru, kila mita moja kwa sekunde ya upepo wa ubavuni huisogeza ile risasi ya 7.62 kama sentimita 10 kwenye mita 500. Linganisha na unyevu, linganisha na halijoto, uone pesa iende wapi.

Upepo wetu nao ni mkorofi. Nakuru, mchana wa kiangazi, utaona chamchela zikitembea na vumbi upande wa ziwa, na nyasi za katikati ya uwanja zimelala kushoto wakati za kwako zimelala kulia. Kisumu asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana ziwa linaurudisha. Ukiandika upepo wa saa mbili ukautumia saa nane, umeandika kinyume.

Kwa hiyo kifaa kinakufundisha macho. Kinapokuambia mita tatu kwa sekunde, angalia majani, vumbi na bendera za uwanja, uone tatu inafananaje. Baada ya miezi michache utaanza kuusoma upepo wa mita 300 mbele, mahali ambapo hakuna kifaa. Na usisahau pembe: upepo unaokuja kwa nyuzi 30 kutoka mbele yako unasukuma nusu tu ya ule wa ubavuni kamili.

Kitufe cha kuvuta hali ya hewa kutoka intaneti usikiguse kwa habari ya upepo. Vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu ya ardhi, na kituo chenyewe huenda kiko mji mwingine.

"Programu ya kulipia ina hesabu bora"

Hesabu ni zile zile. JBM iko wazi kwenye tovuti bila malipo, Hornady wana programu ya bure, Applied Ballistics ni ya kulipia, na kwa umbali tunaopiga sisi majibu yao hayatofautiani kwa kiasi cha kukukosesha ubao. Kinachokosesha ni kasi ya risasi uliyonakili kwenye kisanduku. Kasi ile ilipimwa kwa mtutu wa kiwandani, na wako pengine ni mfupi. Azima kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) ya mwenzako uwanjani, upige kumi, uchukue wastani.

Muuzaji akianza kukusifia kuwa programu yake inahesabu mzunguko wa dunia, mwambie unakaa ikweta. Kule kusukumwa kushoto au kulia na mzunguko wa dunia hapa kwetu ni karibu sifuri. Kinachobaki ni juu na chini: ukipiga kuelekea mashariki risasi hupanda kidogo, magharibi hushuka, sentimita mbili tatu kwenye mita 500.

"Cha bei nafuu ni cha kuchezea watoto"

Kestrel (chapa ya vipima upepo) yenye programu ndani yake ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Kestrel 2500, ya upepo, halijoto na kanieneo, ni bei ya mbuzi wawili hivi. Vile vidogo visivyo na jina vya upepo na halijoto tu ni bei ya majogoo watatu wa kienyeji, na ndicho ninachotumia, hata ninapopulizia dawa viazi Njoro.

Lakini sikukiamini bure. Alfajiri moja niliyodhani haina upepo nilipanda boda boda ya mpwa wangu kwenye barabara tupu ya vumbi, yeye akiendesha kilomita 20 kwa saa kwa kipimo cha setilaiti cha simu, mimi nimenyoosha mkono na kifaa mbali na miili yetu. Kasi hiyo ni mita 5.6 kwa sekunde. Kwenda kilisoma 4.9. "Mjomba, hicho kimekufa," akasema. Tukageuza. Kurudi kilisoma 5.8. Kumbe kaupepo kadogo kalitusukuma kwenda na kutupinga kurudi, ndiyo maana nachukua wastani: 5.35, pungufu ya 0.2 na kidogo, yaani kama sentimita mbili na nusu kwenye ubao wa mita 500. Tukaenda kunywa chai.