Wadudu magamba wa misonobari, na kinachowaua maadui wao

Majani membamba ya msonobari yanapoonekana kama yamerushiwa chokaa, na matawi ya chini yakaanza kugeuka rangi ya kahawia, mwenye mti kwa kawaida hudhani ni ukungu au vumbi. Ukweli ni kwamba doa jeupe kubwa kwa kawaida ni mdudu gamba wa kike, asiye na miguu wala mabawa, aliyechomeka mdomo wake ndani ya jani na kujifunika kwa kigae cha nta kilichoshikamana na ngozi alizojivua. Hutembea mara moja tu maishani, anapokuwa mchanga aliyetoka kuanguliwa, na ndipo upepo unapoweza kumpeleka mti mwingine. Akishatulia, hahami tena. Kigae hicho huzuia dawa nyingi zisimfikie, na ndiyo sababu mimi, kama mtaalamu wa wadudu wa misitu, huanza kwa kuuliza habari za maadui wake kabla ya kuuliza habari za dawa.

Maadui hao ni wa makundi mawili makubwa. La kwanza ni mbawakawa wadogo wa mviringo wa familia ya Coccinellidae, ambao wengi tunawajua kwa madoa yao mgongoni. Wale wa jenasi ya Chilocorus, wengi wao weusi wanaong'aa na wenye madoa mekundu, ni hodari wa kuvunja kigae na kula kilichomo, na lava wao (watoto ambao hawajakomaa) wenye miiba hufanya kazi hiyohiyo. La pili ni nyigu wadogo mno, wengi wao hawafiki hata milimita mbili, ambao hutaga yai ndani ya mdudu gamba au chini ya kigae chake, na lava anayeanguliwa humla mwenyeji wake hadi amwishe. Mbawakawa husifiwa zaidi kwa kuwa wanaonekana, lakini kwa maoni yangu nyigu ndio wanaostahili sifa kubwa zaidi, kwa sababu wanaweza kumtafuta mdudu gamba hata akiwa amebaki mmoja mmoja, wakati ambapo mbawakawa wengi huwa wamekwishahamia penye chakula kingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu wa dawa inayowaua maadui hao unatoka South Lake Tahoe, California, katika miaka ya 1960. Mji huo ulikuwa ukifukiza malathioni ili kuua mbu, na misonobari iliyokuwa katika eneo la ufukizaji ikajaa wadudu magamba wa aina ya Chionaspis pinifoliae. Dawa iliyolengwa kwa mbu ilikuwa ikiwaangamiza nyigu na mbawakawa wanaorukaruka hewani, huku mdudu gamba akibaki salama chini ya kigae chake. Ufukizaji uliposimamishwa, maadui walirudi wenyewe, na katika miaka michache mlipuko ukazimika bila mtu kuleta mdudu hata mmoja kutoka kwingine. Watafiti Luck na Dahlsten walichapisha habari hiyo mwaka 1975, nami ningependa kila halmashauri inayofukiza mbu karibu na miti iijue.

Visiwa vya Bermuda vilipata mkasa mchungu zaidi. Mti wao mkuu, Juniperus bermudiana, ni wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda zetu za juu, na ulikuwa haujawahi kukutana na wadudu magamba wawili walioingia na kuenea katika miaka ya 1940, mmojawapo akiwa Carulaspis minima. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya asilimia 90 ya miti hiyo ilikuwa imekufa. Serikali ilileta makumi ya aina za mbawakawa na nyigu, lakini hawakuweza kuiokoa misitu. Miti ilikuwa ikifa upesi kuliko maadui walivyoweza kuzaliana, na mbawakawa nao walikuwa wakiliwa na mijusi wa aina ya Anolis grahami, walioletwa kutoka Jamaika mwaka 1905 ili wale nzi wa matunda. Mwaka 1957 wakaletwa ndege wa Trinidad wapatao 200 ili wapunguze mijusi. Mijusi hawakupungua, na ndege wenyewe wakawa balaa kwa wanyama wa asili wa visiwa hivyo. Pengo la miti lilizibwa kwa sehemu kubwa na mvinje, uleule unaopandwa pwani yetu, ambao sasa ni miongoni mwa mimea vamizi huko. Miti ya asili iliyonusurika ndiyo iliyotoa mbegu za kupandia upya, na mingi ya vizazi vyake huwastahimili wadudu hao.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga dawa, chuma majani machache na uyatazame kwa lenzi ya mkono. Kigae chenye tundu dogo la duara kimeachwa na nyigu aliyekwisha kukomaa na kutoka. Kilichochanika ovyo kingo zake kimetafunwa na mbawakawa. Kisha kiinue kile kilicho kizima kwa ncha ya sindano: mdudu aliye hai ana majimaji, na aliyekufa amekauka. Ukikuta matundu mengi na wengi wamekauka, usipige dawa msimu huo, bali rudia ukaguzi wakati wachanga wanapoanguliwa. Ikiwa hakuna tundu hata moja, chunguza kwanza ni dawa gani inayopulizwa jirani, na ni wanyama gani wanaokula wadudu katika miti hiyo.